Kanzu ya Miavuli

Migori, Jumatatu 11 Machi 1996

Liz ameniletea daftari hili jipya, akaniambia niandike namna ninavyoshona, ati watu watakaokuja kwenye maonyesho watapenda kusoma. Nimemuuliza watasoma nini, kwamba leo nilitunga uzi kwenye sindano? Akacheka, akasema ndiyo, hata hilo. Haya. Leo nimetunga uzi kwenye sindano.

Kwa hao watakaosoma: jina langu ni Bhoke, Mkuria wa Kegonga, na cherehani yangu iko barazani pa duka la vitambaa la Hodan hapa mjini. Nilikuwa nashona sare za shule na majoho ya kwaya, mpaka mwaka juzi aliponijia Zadock. Huyu Zadock ni mwalimu aliyeacha ualimu akaanzisha kikundi cha maigizo, Bila Jukwaa. Maigizo yenyewe hayana maneno. Wanasimama sokoni wamevaa vitu ninavyovielewa mimi na Mungu peke yetu, wanatembea polepole, na watu wanauliza mchezo utaanza saa ngapi. Mimi pia niliuliza, mwanzoni.

Sasa Liz, ambaye ametoka Nairobi na kazi yake ni makumbusho, ameyapenda mavazi yangu. Huko Homa Bay kuna ghala la zamani la pamba wanaloligeuza jumba la makumbusho, na maonyesho ya kwanza, mwezi wa sita, ni mavazi ya Bila Jukwaa. Yako matano. Manne ni ya nyavu kuukuu na magunia. La tano ndilo ninalojivunia, na nikijivunia sioni haya: kanzu ya miavuli. Nimeishona kwa vitambaa vya miavuli mibovu, nyeusi tupu, kutoka shingoni mpaka kwenye vidole vya miguu. Anaivaa Barnabas, na akiivaa huitwa Mtu wa Mvua.

Mvua yenyewe bado inatuchezea.

Jumatano 13 Machi

Imeanza. Magunia hayakauki.

Jumamosi 23 Machi

Bila Jukwaa wamecheza sokoni leo. Barnabas alisimama katikati ya wauza viazi, kimya, uso umeinuliwa juu, kanzu imemmwagikia hadi chini. Mvua ikashuka. Watu wote wakakimbilia vibandani, yeye akabaki palepale kwa sababu ndivyo mchezo unavyotaka. Basi mama mmoja wa nyanya akatoka, akamshika kiwiko, akamvuta hadi kwenye kibanda chake huku akimgombeza kwa Kijaluo, akamkalisha kwenye kreti na kumpa chai. Barnabas akavutwa hivyo hivyo, polepole, hakuacha kuigiza hata kidogo. Aliinywa ile chai kama mvua inavyokunywa, kama mvua hunywa. Mke wake Monicah, ambaye pia ni wa kikundi na huvaa vazi la magunia, akaangua kicheko na mchezo ukaharibika. Zadock alinuna mpaka jioni.

Barnabas akaniambia, "Bhoke, hii kanzu yako inafanya napewa chai. Ongeza miavuli."

Ijumaa 29 Machi

Barnabas ameleta kanzu, pindo limefumuka nyuma. Anashuka Muhuru Bay, kisha avuke upande wa Tanzania, Shirati, kumwona mjomba wake ambaye ni mgonjwa. Atarudi wiki ijayo. "Usiguse mabega," ameniambia. "Mabega iko sawa." Kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi.

Jumanne 2 Aprili

Mashua iliyombeba Barnabas imepinduka. Hodan amesikia kwa akina mama wanaoleta omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru. Kuna waliookolewa, kuna waliopatikana wamekufa. Barnabas hayumo kwa hawa wala kwa wale. Zadock na Monicah wameshuka huko asubuhi.

Nimemaliza lile pindo. Sikujua nifanye nini kingine.

Jumapili 7 Aprili, Pasaka

Wote wamepatikana isipokuwa yeye. Zadock amerudi na macho mekundu. Anasema baba mdogo wa Barnabas anaingia majini mpaka magotini, anaita jina lake kwa sauti, ananyamaza kidogo kama mtu anayengoja kuitikiwa, kisha anaita tena. Mvua ilikuwa inanyesha kutwa.

Jumatatu 15 Aprili

Hajapatikana.

Alhamisi 18 Aprili

Huyo baba mdogo amekuja dukani leo. Mzee mrefu, kofia ya feltu, viatu vimejaa tope la njia nzima.

"Wewe ndiye Bhoke, nyar Kuria, binti ya Wakuria?"

"Ni mimi, mzee. Karibu uketi."

"Mimi ni Nyangweso. Barnabas ni mtoto wa ndugu yangu. Babake alikufa huyu akiwa mdogo, nikamlea mimi. Nimekuja kuchukua nguo yake."

"Nguo gani, mzee?"

"Hiyo nyeusi. Hizo zingine alienda nazo kwa begi, ziko kwa maji. Koti yake moja imebaki, lakini Monicah ameivaa, hataki kutoa, na mimi siwezi kuvua mwanamke koti. Hiyo nyeusi alivaa, akatoa jasho ndani yake. Hiyo ndiyo tunataka. Tumzike."

"Mtazika nini, mzee, na yeye hajapatikana?"

Akaniangalia vile mtu mzima anavyomwangalia mgeni aliyeuliza choo cha wenyewe kiko wapi. "Hiyo ni mambo yetu, mama. Wewe toa nguo."

Nimemwambia haijaisha kurekebishwa. Ilikuwa imekunjwa chini ya cherehani, karibu na mguu wangu. Sikumpenda. Mtu hana hata wiki tatu majini na tayari wanagombania kumfukia.

Jumatatu 22 Aprili

Monicah amekuja. Amevaa lile koti la Barnabas, mikono ameikunja mara mbili, na jua lilikuwa linawaka leo, la kwanza baada ya siku nyingi. Alikuwa anatiririka jasho na hakulivua.

"Dada, usimpe mzee hiyo kanzu."

"Sijampa."

"Najua. Nakuambia usimpe hata kesho. Wakipata nguo watazika, hata bila mtu. Na wakizika, mimi ni mjane. Saa hii mimi ni bibi ya mtu ako safarini. Unaona hiyo tofauti?"

Nikasema naiona.

"Wakishazika, narithiwa na Odipo, ndugu yake. Odipo ashaanza kuniletea sukari. Na kuna mtu wa omena alisema ameona mtu kama Barnabas huko Musoma, hospitali, hajui jina lake. Barabara zikikauka naenda kutafuta. Naomba tu wasizike kabla sijaenda. Ni hiyo tu, dada. Sikuombi kitu kingine."

Nimemwahidi. Nimemshika mkono na kumwahidi. Alipoondoka nikawa nafikiri hicho wanachotaka kuzika: jeneza na kanzu yangu imekunjwa ndani, basi. Niliona ni upuuzi mtupu.

Ijumaa 26 Aprili

Mzee Nyangweso amekuja. Nimemwambia vifungo bado.

Ijumaa 3 Mei

Amekuja. Nimemwambia uzi mweusi umeisha. Hodan, ambaye anauza uzi, alikuwa amesimama nyuma yangu.

Ijumaa 10 Mei

Amekuja kwenye mvua kubwa bila mwavuli, akaketi kwenye benchi mpaka ikakatika, hakuniuliza neno. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye kofia yake hadi sakafuni. Hodan akampa chai. Alipoondoka, Hodan akaniambia, "Huyu mzee hana ubaya, Bhoke. Kwetu maiti haimalizi siku ndani ya nyumba. Huyu mtoto wake amekaa zaidi ya mwezi na hana pahali. Walahi, mimi ningekuwa wazimu."

"Na Monicah je?"

"Na Monicah pia," akasema Hodan, akarudi ndani kupima vitambaa vyake. Nilikasirika naye siku nzima.

Jumanne 14 Mei

Nilimwendea Zadock anisaidie. Huyu ndiye kiongozi wetu, mtu anayeweza kukueleza kwa saa nzima kwa nini kimya kina nguvu kuliko maneno. Leo nimeuona huo ukimya. Alikunakuna ndevu, akatazama nje.

"Bhoke, mimi ni Mjaluo. Nikikataza mzee, nimekosana na boma yote. Nikimpa, nimekosana na Monicah. Wewe ni mtu wa nje. Wewe hawawezi kukulaumu."

Nilitamani kumtupia mkasi. Liz ndiye aliyeamua: tuipeleke kanzu Homa Bay mapema, ghala lina kufuli, na mzee akiuliza aambiwe iko makumbusho. Mara ya kwanza Liz amesema jambo nikalielewa moja kwa moja.

Homa Bay, Jumatatu 20 Mei

Tumefika. Abdihakim, kaka yake Hodan, ametuleta na pikapu yake, mimi, Liz na mavazi yote matano. Zadock amebaki Migori kufanya mazoezi, ndivyo anavyosema. Ghala ni refu na tupu, bado lina harufu ya pamba, na madirisha ya upande wa ziwa hayana vioo. Masanamu ya kuvalisha nguo yanatoka Nairobi lakini lori limekwama kwenye tope huko juu Kisii. Kwa hiyo fundi wa mbao ametutengenezea misalaba, na nyavu na magunia yamekaa vizuri juu yake.

Kanzu imekataa. Kitambaa cha mwavuli ni chepesi, na upepo wa ziwa ukipita dirishani inainuka yote mpaka juu, kanzu ya Barnabas, inapigapiga kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Liz anasema tuitafutie uzito.

Alhamisi 23 Mei

Nimeweka gunia la mchanga ndani. Limevuja.

Jumatatu 27 Mei

Nimejaza nyasi. Liz amesimama mbali, akainamisha kichwa, akasema, "Inaonekana kama amenenepa." Nimezitoa zote. Lori bado. Mvua bado. Ijumaa iliyopita Mzee Nyangweso alifika dukani, akaambiwa kanzu haipo. Hodan amenitumia habari kwa Abdihakim: mzee alikaa tu kwenye benchi kama kawaida, kisha akaenda zake.

Jumatatu 3 Juni

Leo tumefaulu!

Nyuma ya ghala kuna mti mkubwa wenye yale matunda marefu ya kijivu, yananing'inia kila moja kwa kamba yake, mazito, ukiangukiwa na moja utazirai. Kwetu Kegonga nilipokuwa mtoto tulikuwa tunakatazwa tu kucheza chini yake. Nimeliangalia moja nikaona kifua na tumbo la mtu mwembamba. Abdihakim akapanda juu ya pikapu, akalikata, tukalibeba wawili. Nimelizungushia gunia ili lisichafue kitambaa, tukalifunga kwenye msalaba, nikalivisha kanzu.

Ikashuka. Yote, mabegani mpaka chini, ikatulia, na upepo ulipopita ikayumba kidogo tu pindoni, kama alivyokuwa akiyumba mwenyewe alipochoka kusimama. Tulikuwa watatu: Liz wa Nairobi, Abdihakim ambaye kwao ni Garissa, na mimi. Tulipiga makofi. Abdihakim akaamkia, "Salaam aleikum, bwana mvua." Liz akapiga picha. Nami nikajikuta nimeinyoosha kola yake na kumwambia karibu, Barnabas, na machozi yakanitoka kidogo, ya furaha zaidi kuliko ya huzuni. Tangu Machi sijafurahi hivi. Nimemlinda, na amesimama.

Jumatano 5 Juni

Niandike taratibu.

Asubuhi walikuja wazee watatu, Nyangweso mbele, na Zadock nyuma yao. Zadock ndiye aliyewaonyesha njia. Hakunitazama. Nilikuwa mlangoni, nimeshika ufagio, na nilikuwa nimejitayarisha: nguo ni ya makumbusho, Liz ndiye mwenye neno, mwende mkamwambie yeye. Nyangweso aliponiamkia hakuwa na ukali wowote. Alisema, "Nyar Kuria, nimekuja kukuomba. Leo si kudai. Kuomba." Akachungulia begani kwangu, ndani.

Alivua kofia.

Alinipita kana kwamba mimi ni pazia. Akaenda mpaka kwenye kanzu, akaweka mkono kifuani pake, akabonyeza kitambaa, akasikia kile kilichokuwa chini. Akashusha mkono polepole hadi mwisho wa lile tunda, akaupandisha tena.

"Nani ameweka yago hapa?"

"Ni mimi, mzee. Ni tunda tu. La kuipa uzito."

Sidhani alinisikia. Mzee mmoja alikuwa ameketi sakafuni, miguu imenyooka, kofia mapajani. Yule mwingine akaanza kuita, "Barnabas! Barnabas wuod Nyangweso!" yaani mwana wa Nyangweso, halafu kilio, na ghala lile tupu likakichukua kilio likakizungusha mpaka kukawa kama wanalia watu hamsini. Liz alikuja mbio kutoka nje, akasimama, mkono mdomoni.

Nikamshika Zadock shati. "Kuna nini? Sema!"

Akasema bila kuinua macho. Mtu akipotea majini asipatikane, Wajaluo huchukua tunda la mti ule, wakalivisha nguo yake, na likishavaa ni yeye. Huliliwa yeye, huzikwa yeye. Ndicho mzee alichokuwa anaitakia kanzu tangu mwezi wa nne.

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Bhoke."

Hukuniuliza! Nimeshona kwa ajili ya mtu huyu miaka miwili.

Nikasema basi naitoa, naitoa sasa hivi, haikuwa hivyo. Nikakimbilia fundo la kamba. Nyangweso akanishika kifundo cha mkono, wala hakukaza.

"Mama. Ukivua sasa, umevua maiti."

"Sikumvalisha mimi kwa hiyo nia, mzee. Nilikuwa namficha. Nilikuwa nakuficha wewe!"

"Najua ulikuwa unanificha. Mimi si mtoto." Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta. "Nimekuja kukuomba nguo, na kumbe ulishamvalisha. Ukamfunga vizuri, ukamnyooshea kola. Hata mamake hangefanya hivi. Ero kamano, nyathina. Asante, mtoto wangu."

Alinishukuru. Ningependelea anipige.

Liz alianza kusema jambo kuhusu mali ya makumbusho, akaitazama sura ya yule mzee, akaliacha katikati. Abdihakim aliombwa pikapu. Walimlaza nyuma juu ya blanketi, Nyangweso akapanda hapo hapo nyuma, akamshika asiviringike barabarani.

Baada ya hapo nilimuuliza Zadock kama ni kweli, kwamba nguo ikishavaliwa haivuliwi. Ni mila, au ni Nyangweso amesema? Alifikiri sana. "Sijui. Sijawahi kusikia ikisemwa. Lakini pia sijawahi kuona mtu akivua."

Migori, Alhamisi 6 Juni

Nimemwambia Monicah mwenyewe, kabla hajaambiwa na mwingine. Alikuwa anachambua maharagwe mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, na mikono yake haikuacha kuchambua.

"Ulisema hutampa."

"Nilisema."

"Na hukumpa. Ulimvalisha wewe."

"Sikujua, Monicah. Naapa, mimi sikujua."

"Najua hukujua. Ungejua ingekuwa rahisi, ningekutukana." Akaokota jiwe kwenye maharagwe akalitupa uani. "Jumamosi, wamesema. Utakuja?"

Nikasema nitakuja. Nilitaka aniambie nimemkosea. Nilitaka anifukuze. Alinipa kiti.

Muhuru Bay, Jumamosi 8 Juni

Mvua ilikatika asubuhi kana kwamba imeagizwa.

Walikuwa wamemlaza nyumbani kwake, ndani ya jeneza la mbao mpya, na nilipofika nikaitwa na wanawake. Tunda lilikuwa linatelezea chini, linatokeza kwenye pindo. Wakasema wewe ndiye fundi wake, mshonee. Nikapiga magoti pale, nikaliziba pindo la chini lote kwa mkono. Uzi mweusi nilikuwa nao mfukoni, mwingi.

Monicah aliketi chini, amevaa koti. Odipo alimletea kiti, akakikataa, Odipo akasimama kando yake na kile kiti mkononi kwa muda mrefu, hajui akiweke wapi. Si mtu mbaya, Odipo. Ni kijana mnene mwenye haya. Wanawake walimlilia Barnabas, wakamwimbia, wakamsuta kwa kuwaacha, na kila mara walimgeukia Monicah kumpa nafasi ya kulia. Hakulia. Mmoja akanong'ona kwamba huyu mke hana moyo. Nilitaka kusimama niseme, na ningesema nini, kwa lugha gani?

Kaburi lilikuwa upande wa kulia wa nyumba. Waliposhusha jeneza Monicah akatazama ziwani.

Halafu hotuba, ndefu, chama hiki na kanisa lile. Katikati yake nikamwona Mzee Nyangweso kwenye kiti cha mbele amelala. Amelala fofofo, kidevu kifuani, mdomo wazi, mikono imeanguka. Hakuna aliyemwamsha. Mwanamke mmoja akamfunika mabega kwa leso. Bila shaka hakuwa amelala hivyo tangu Aprili, na mimi ndiye niliyekuwa namwambia vifungo bado, uzi umeisha. Nilikuwa nimemchukia vizuri kabisa. Sasa sina wa kumchukia, na hasira ninayo bado.

Migori, Alhamisi 13 Juni

Mvua imepungua. Sare za shule.

Jumamosi 22 Juni

Maonyesho yamefunguliwa Homa Bay. Masanamu yalifika jana, ya rangi ya waridi, hayana vichwa. Liz hakuyatumia. Msalaba wa kanzu ameuacha mahali pake, mtupu, na kadi chini yake: *Mtu wa Mvua. Hayupo.* Mgeni mmoja wa kutoka Nairobi alisimama mbele yake kwa muda, akasema hili ndilo bora kuliko yote. Zadock akaanza kumweleza. Mimi nikatoka nje, na nje kulikuwa na ule mti, nikarudi ndani.

Liz aliliulizia daftari hili ili aliweke mezani. Nimemwambia limelowa.

Jumanne 25 Juni

Barabara zimekauka. Monicah amekuja dukani asubuhi na mfuko mdogo wa safari. Anavuka mpaka leo, anaelekea Musoma. Odipo ametuma watu kusema atafika Jumamosi, na Monicah amewaambia sawa, Jumamosi, karibu.

"Nishonee shati," akaniambia. "Ya haraka, nangoja hapa. Kama ako hospitali, hana nguo hata moja. Zote ziko kwa maji, na ile ingine mmezika."

Mimi siamini kama yuko hospitali. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia. Siamini, na pia mimi ndiye niliyeliziba pindo. Lakini nilikata kitambaa, Hodan akatoa kizuri kuliko nilichoomba, na hapo ndipo nikakwama.

"Sina vipimo vyake," nikasema. "Kanzu niliikata yeye mwenyewe akiwa amesimama mbele yangu. Sikuandika kitu."

"Mimi ninazo."

Akaweka mfuko chini, akasimama katikati ya baraza. Akafumba macho. Akainua mikono, akaizungusha mbele yake, vidole vikagusana, akaisogeza kidogo ndani, akaipanua tena, mpaka ikatulia. Shavu lake aliliinamisha kando, kama limepata mahali pa kukaa.

"Pima," akasema. "Hapo ni kifua."

Nikapitisha tepu ndani ya mikono yake, nikaizungusha pale ambapo hapakuwa na mtu. Nilikuwa nasoma namba akasema, "Ngoja. Hapo alikuwa ametoa pumzi." Mikono ikafunguka kidogo. Nikapima upya, nikachukua kile kikubwa, nikaviringisha tepu, nikarudi kwenye cherehani.

Yeye akabaki vilevile, macho yamefumbwa, mikono imezunguka, na wateja wa Hodan wakawa wanapita kando yake wakiingia na kutoka. Sikumwambia ashushe.